Fulana za Dusty

Jumatatu, 6 Januari

Nimri, gari langu la monsta, yuko juu ya jeki tangu asubuhi. Springi ya nyuma kushoto imekatika tena. Baridi ya Al-Sulay, pembeni mwa Riyadh, inaingia mpaka kwenye mifupa, na Jomar akaona vyema awashe hita karibu na mapipa ya spiriti ya magari. Nimemfokea. Moto wa spiriti hauonekani mchana. Unaungua huku bado unauliza kinachonuka ni nini. Amezima, amenuna. Jomar ni Mfilipino, ndiye dereva wa Akrabu, gari la pili. Tangu wenzetu waondoke tumebaki sisi wawili: madereva, mafundi, wafagiaji wa godauni na wapika chai.

Onyesho la Ijumaa lilikuwa aibu. Abu Faisal, bosi na kafili wetu, mwenye vibali vyetu, aliwahamishia watu wote jukwaa moja ili kamera isionyeshe viti vitupu. Zamani magari ya monsta yalikuwa sita, madereva wanatoka Marekani na wake zao, watu wanagombania tikiti. Sasa Riyadh ina kila kitu. Ndondi, matamasha, michezo ya kompyuta yenye uwanja wake yenyewe. Nani ataleta watoto kutazama pikapu yenye matairi yanayonifika kidevuni ikiponda Corolla bovu? Mla ni mla leo.

Niliendesha vizuri, lakini. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine patakapoandikwa. Niliruka vilima vyote viwili, nikamsimamisha Nimri kwa magurudumu ya nyuma mpaka mtangazaji akapoteza sauti. Watu wakaimba. Dusty, Dusty.

Dusty ni Mmarekani mwenye ndevu nyekundu. Alirudi kwao pesa zilipopungua. Tangu hapo Dusty ni mimi. Helmeti ya kioo cheusi, glavu mpaka kwenye viwiko, kola juu. Kwingineko, onyesho likiisha dereva hupanda juu ya gari, akavua helmeti, akapungia watu. Mimi hubaki nimefungwa mkanda mpaka taa zizimwe. Mtangazaji huwaambia Dusty amechoka.

Ijumaa, 10 Januari

Onyesho la jioni. Mpango wa leo: Akrabu ashinde mbio, Nimri ashinde kuruka. Wiki ijayo kinyume chake. Mbio zetu hupata mshindi kabla injini haijawashwa. Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nakubali kushindwa kila baada ya wiki moja na bado si mshindani.

Abu Faisal akasimama pembeni na rimoti yake ya kuzimia injini, kama kawaida. Sheria ya usalama. Gari likileta balaa, anaminya, linakufa hapo hapo. Huwa anaishika kama mtu aliyeshika tasbihi.

Watu wachache kuliko wiki iliyopita. Niliendesha kwa hasira. Walipenda.

Jumapili, 12 Januari

Dada Mwanasha ametuma sauti kutoka Jeddah. Nimeisikiliza chini ya Nimri, nikasahau spana kifuani.

Dada anafanya kazi nyumba ya watu. Anapika, anafua, analea. Mtoto wa nyumba, Danah, ana picha kubwa ya Dusty ukutani, na fulana yenye sura ya Dusty ambayo hataki ivuliwe hata ifuliwe. Juzi Danah alikuwa akimwonyesha video ya onyesho letu. Ulimi wa dada ukateleza. Akasema huyo anayeendesha si Dusty, huyo ni Bakari, ndugu yangu tumbo moja. Mtoto akakimbia kwa mama yake. Madam akaja jikoni.

"Baka, wallahi nimeaibika," dada anasema kwenye sauti. "Madam aniambia, Mwanasha, sasa waanza kuwafunza watoto uongo? Akataka nimuombe mtoto msamaha. Nikamuomba. Danah nimemlea hajaota meno, leo namwambia samahani habibti, Mwanasha alikuwa afanya mchezo tu."

Hakulia. Angelia ningepata nafuu.

Baba alipokufa, mama alikuwa sokoni Mikindani, kwetu Mombasa, tangu alfajiri, na aliyenifunga vifungo vya shati la shule ni Mwanasha. Amewahi kupigwa kwa ajili yangu. Hajawahi kuitwa mwongo. Madam humwachia mtoto, funguo za nyumba, na dhahabu iliyo ndani ya kabati. Neno lake tu ndilo lisiloaminiwa. Nimekasirika mpaka nati zinaniponyoka.

Nataka kitu kimoja. Nivue helmeti mbele ya watu, jina langu litajwe, video iwepo, dada aiweke mbele ya huyo madam. Mara moja tu. Kisha wanirudishie helmeti yao.

Jumanne, 14 Januari

Nimekwenda kwa Abu Faisal.

Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mbaya ungemchukia, ukalala. Huyu alinimiminia kahawa kwa mkono wake, akanisogezea tende, akanisikiliza mpaka mwisho, hata habari za dada. Akasikitika kwelikweli. Kisha akanishika mkono kama bwana harusi, akanipeleka chumba cha nyuma.

Makatoni mpaka darini. Fulana za Dusty, za watoto na za wakubwa. Alizichapisha mwaka ule wa neema, alipoambiwa kwamba ukichapisha nyingi bei inashuka. Iliposhuka bei na watu wakashuka.

"Bakari, ya akhi, hizi nizipeleke wapi? Nikisema leo Dusty mafi, hayupo, hizi zote matambara. Zikiisha, halas, nachapisha sura yako. Wallahi." Akaniangalia kidevu. "Ila fuga ndevu kidogo."

Kwa hiyo jina langu liko nyuma ya makatoni. Mtu hashindwi na mtu hapa, anashindwa na pamba.

Alhamisi, 16 Januari

Nimepata akili. Au ni wazimu umevaa miwani.

Fulana zikiisha, alisema. Basi ziishe. Nani kasema lazima zinunuliwe na Wasaudi?

Jomar amenicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapiga simu kwa Wafilipino wenzake. Sitaki Abu Faisal ajue kwamba mfuko ni mmoja, kwa hiyo mmoja anaagiza leo, mwingine kesho, kinyozi wangu wa Malaz anaagiza za duka, dereva teksi wa mtaani kwangu anaagiza za kijiweni. Wote wananiletea mimi. Chumba changu kimejaa ndevu nyekundu. Nalala katikati ya Dusty.

Nazituma kwetu kwa mizigo. Mama awape timu ya mpira ya mtaa, wamalize msimu wakiwa na sare kwa mara ya kwanza maishani mwao. Zitakazobaki agawe. Pesa zilikuwa za kuezeka jiko lake. Nimemwambia mabati yamepanda bei, asubiri. Amesema hewala mwanangu, mvua bado.

Kinyozi ameitundika moja dukani. Leo mteja amemuuliza huyo ni nani, kinyozi akanigeukia mimi nijibu. Nimesema simjui.

Jumanne, 21 Januari

Springi imebadilishwa. Jomar amelehemu ngazi ya Akrabu. Nimebeba katoni kwenye teksi, dereva ameniuliza kama nimefungua duka.

Mgongo unauma.

Jumamosi, 25 Januari

Zimeisha.

Nimeingia chumba cha nyuma kutafuta kamba, nikakuta sakafu. Sikuwa nimewahi kuiona sakafu ya chumba kile. Ni ya vigae vya kijani. Nimesimama pale kama mtu aliyeingia msikiti mpya.

Abu Faisal amekuja saa nne akiimba. Sijawahi kumsikia akiimba. Ametukumbatia wote wawili, mimi na Jomar, na grisi zetu. Akasema soko limerudi. Akasema alijua, alisema tangu zamani, watu wa Riyadh wana moyo. Akasema ameagiza nyingine.

Nikamuuliza nyingine zipi.

Za Dusty. Kubwa zaidi. Safari hii na kofia pia. Zinachapishwa Jeddah kwa ajili ya onyesho la huko, la mwisho kabla ya Ramadhani.

Jomar alitoka nje. Najua alikwenda kucheka, na simlaumu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, nikajenga ngazi, nikashuka na taa.

Jumapili, 26 Januari

Sikulala. Asubuhi nimekwenda ofisini, nimemwambia. Ni mimi. Zote ni mimi. Ziko njiani kwenda Mombasa.

Nilitegemea acheke au anifukuze. Akageuza kikombe mdomo chini. Kisha akanieleza kwa sauti ndogo. Mauzo ya fulana alimwonyesha mshirika mmoja wa Jeddah. Yule alikuwa anataka kujitoa, hakuamini kama bado kuna watu wanaotaka monsta. Alipoona fulana zinakwenda kama mkate, akakubali. Uwanja wa Jeddah umekodiwa kwa sababu ya fulana zangu. Matangazo yamebandikwa kwa sababu ya fulana zangu. Kampuni nzima imevaa nguo ya kuazima, na mwenye nguo ni mimi.

"Ukisema, tunafunga leo," akasema. "Ukinyamaza, tunakwenda Jeddah. Na Jeddah nitakupa jina lako. Onyesho likiisha, mruko wa mwisho, wewe panda juu ya gari, vua helmeti, mtangazaji atakutaja. Hata fulana zikibaki. Ziende zake."

Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Namwamini. Amezeeka ghafla, na mtu aliyezeeka ghafla huwa hana nguvu za kudanganya.

Jumatatu, 3 Februari

Jeddah. Tumefika na trela mbili. Hewa ina chumvi, mwili unanata. Bolti zitaanza kutu kesho.

Nimempelekea dada tikiti za familia nzima kwa jina la kampuni. Madam amefurahi kwa sababu ni za bure na ni za mbele. Dada atakuja kushika mtoto mdogo, nduguye Danah. Hajamwambia madam kitu, wala Danah. Ameniambia tu, "Baka, usiniangushe."

Asubuhi tumepakua fulana mpya. Ndevu zimekuwa nyekundu zaidi.

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi. Udongo wa Jeddah ni mwepesi, haukushindiliwa vizuri, vilima vinabomoka. Nimemwambia msimamizi, akasema yalla, yalla, kesho.

Jomar amenilazimisha nifanye zoezi la kupungia watu. Ninapunga kama mtu anayefukuza nzi, anasema. Tumefanya nyuma ya trela. Fungua mkanda, vua helmeti, toka dirishani, panda juu, simama, mikono miwili. Tena. Tena. Mhindi wa vyoo vya kukodi ametupigia makofi.

Nimekwenda kwa kinyozi. Nimemwambia ndevu azipunguze, asizitoe. Nataka sura ionekane ni ya mtu.

Ijumaa, 7 Februari

Siandiki leo.

Jumamosi, 8 Februari

Niandike kabla kichwa hakijaanza kuitengeneza hadithi.

Uwanja ulikuwa mkubwa kuliko watu. Viti vya bei vilikuwa vitupu. Waliokaa mbele walikuwa wa tikiti za bure kama familia ya madam. Mshirika wa Jeddah alisimama na Abu Faisal, na kila alipogeuza shingo kuhesabu watu, Abu Faisal alimwonyesha kitu kingine. Meza ya fulana ilikuwa na foleni ya mtu mmoja, naye aliuliza choo kiko wapi.

Mbio nilishindwa vizuri, kama ilivyopangwa. Kisha kuruka. Kilima cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Nikasikia jina lile linaimbwa, jepesi, watoto wengi. Nikafikiri, imbeni, imbeni, hii ndiyo ya mwisho.

Mruko wa mwisho nilikwenda kwa kasi zaidi ya mpango. Nakubali. Nilitaka dada aone. Udongo ukabomoka palepale nilipomwambia msimamizi, Nimri akapanda upande mmoja, na tukiwa hewani nikajua tutatua vibaya. Tukatua vibaya. Nilisikia mlio ambao fundi yeyote anaujua tumboni. Nyuma kulia. Abu Faisal akaminya rimoti, injini ikafa.

Uwanja mzima unatazama gari moja. Wakati mzuri kuliko wowote tuliopanga. Nikafungua mkanda. Nikavua helmeti, nikaiweka kitini. Nikavua glavu. Hewa ikanipiga usoni. Nikatoka dirishani.

Kupanda juu. Ndicho nilichotakiwa kufanya. Tulifanya zoezi mpaka Mhindi akapiga makofi.

Nikashuka chini.

Nataka kuandika sijui kwa nini, lakini najua. Kitu kilikuwa kimevunjika na mimi ni fundi. Miguu ilikwenda yenyewe. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikaingiza kichwa chini ya ekseli kutazama. Chuma cha kushikilia ekseli kilikuwa kimekatika kama muwa. Nikakishika. Kilikuwa cha moto, kikanichoma kiganja, nikatukana kwa Kidigo. Nikafikiri hiki kinalehemika. Wallahi ndicho nilichofikiri. Mbele ya watu wote wale, usiku niliousubiri, nilikuwa nafikiria kulehemu.

Nilipoinuka, spika zilikuwa zikisema fundi ameshafika. Dusty yuko salama ndani. Mpigieni makofi Dusty atoke.

Wakapiga. Wakaimba, wanatazama dirisha tupu. Mimi nimesimama kando ya gurudumu na sura yangu wazi, ndevu zangu zimepunguzwa vizuri, na wananitazama kwa subira, kama unavyomtazama mtu aliyekuzibia. Nikainua mikono miwili. Nikapunga. Baba mmoja mstari wa mbele akanipungia nisogee pembeni.

Kisha kigelegele. Kimoja. Cha kwetu, cha harusini, kinachoanzia kifuani. Kilitoka upande wa kulia, katikati ya mabaibui meusi ambamo nisingeweza kumtambua yeyote. Lakini Jeddah nzima hakuna mwanamke mwingine ambaye angempigia fundi kigelegele. Kikakatika kabla hakijafika mwisho.

Taa zikazimwa. Watu wakaambiwa Dusty amechoka.

Mtangazaji alikuwa na kikaratasi mkononi. Alinionyesha, masikini, alikuwa anataka kulia. Bakari min Kenya, Bakari wa kutoka Kenya, kwa hati nzuri. Alisema alisubiri dereva apande juu. Abu Faisal alisimama pale na rimoti yake bila gari la kuzima.

"Umeshuka chini, ya akhi," akasema. "Wanaoshuka chini ni mafundi."

Sina wa kumlaumu. Nimemtafuta tangu jana.

Jumapili, 9 Februari

Mshirika amejitoa. Kampuni imekwisha. Imetangazwa kwetu kwa kahawa na tende, kama kila kitu.

Kiganja kimefura. Siwezi kushika spana.

Jumatano, 12 Februari

Sauti ya dada. Niliogopa kuifungua, nimekaa nayo tangu asubuhi.

Ndani ya gari, wakati wa kurudi, madam alimwambia hakuna ubaya, ndugu yako ni fundi, kazi ni kazi, lakini usiseme dereva. Na usipige tena makelele yale mbele za watu. Dada akanyamaza. Ana mkataba wa kumaliza.

Jana madam alipolala mchana, Danah akamfuata jikoni. Akasimama mlangoni. Akamuuliza, ndugu yako aliungua mkono?

"Nikamwambia kidogo tu, kwani wewe wajuaje? Akaniambia, Mwanasha, mimi nilikuwa naangalia dirisha. Hakuna mtu mwingine aliyetoka."

Mtoto mmoja. Uwanja mzima, na aliyeangalia dirisha ni mtoto mmoja.

Nilifurahi. Niandike hilo. Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kwa sababu sauti ilikuwa bado inaendelea. Danah alirudi chumbani kwake, akaibandua picha ya Dusty, akaikunja, akampa dada aitupe. Hakuwa na hasira. Alisema tu haitaki tena. Na fulana ameivua mwenyewe, iko kwenye kapu la kufuliwa.

Ameamini. Ndiyo maana ameibandua. Alimpenda Dusty, na mimi nikaenda kumwonyesha kwamba hakuna Dusty. Sijui nilitegemea nini. Kwamba atabandika mimi? Dada anasema afadhali, sasa mtoto ajua Mwanasha si mwongo. Anasema nimshukuru Mungu. Namshukuru, kwa meno yaliyoumana.

Jumanne, 18 Februari

Riyadh tena. Tumemkata Nimri. Aliyemnunua yuko nchi nyingine ya Ghuba na anataka injini na magurudumu tu. Bodi yake ya faiba, yenye madoa ya chui, imewekwa nje ya uzio na paka wameshahamia ndani. Akrabu amekwenda mzima, na Jomar hakutaka kumtazama akipandishwa.

Nilichukua chuma kile kilichokatika nikakilehemu. Hakina kazi tena. Nimekilehemu tu, vizuri, nikakipiga msasa mpaka mshono hauonekani, nikakitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

Jomar ameondoka. Uwanja wa ndege aliniambia nisisahau, mikono miwili. Tulicheka. Kisha tukaagana kwa Kiarabu chetu kibovu, tukashikana mabega.

Ijumaa, 21 Februari

Abu Faisal amenipa uhamisho wa ikama, kibali cha kuishi huku, bila kunisumbua. Wengine hukalishwa miezi. Alikuja mwenyewe na karatasi, amevaa kanzu safi, akaniomba nimsamehe kama amenikosea. Nimemsamehe kwa mdomo. Moyo utafuata ukipata nafasi.

Makatoni ya fulana mpya ameniachia. Hakusema niyafanyie nini.

Alhamisi, 27 Februari

Bandari ya Jeddah. Nimepata kazi karakana ya foklifti. Mashine fupi, nzito, haziruki. Mzee wa Kisudani anayenifundisha mpangilio hataki maneno mengi, nami sina. Ramadhani inaingia kesho kutwa au siku ya pili yake, watu wanatazama mwezi kuliko kazi.

Huku kofia ngumu ni lazima, na kila kofia ina jina mbele kwa herufi kubwa. BAKARI. Natembea nayo kutwa. Hakuna anayelisoma.

Fulana mpya zimekuwa matambara ya karakana. Pamba yake ni nzuri, inakunywa mafuta. Asubuhi hii nimefutia grisi ndevu za Dusty.

Jioni mama ametuma video. Mizigo imefika Mombasa. Uwanja wa mpira nyuma ya shule, vumbi, timu yetu nzima imevaa ule uso, wengine umewafika magotini. Mama anapiga picha na anamweleza jirani, namsikia: hizi ni nguo za kazini kwa Bakari, Bakari ndiye anayeendesha yale magari makubwa. Jirani anauliza mbona sura ni ya mzungu. Mama anasema ndivyo wanavyowachora huko.

Timu ikafunga goli. Mfungaji akaishika fulana yake kifuani, akaubusu ule uso wenye ndevu nyekundu, na uwanja mzima ukaanza kuimba. Bakari, Bakari.

Nimemtumia dada. Amejibu kwa kigelegele, kile chote, mpaka mwisho wake, cha chinichini, nadhani alijifungia stoo.

Halafu nimemwandikia mama kwamba mabati nitamtumia baada ya Idi.